Sikiliza Hii Kwanza

Haitham alikuwa juu ya paa la hoteli, Shangani, kainama anachomeka waya wa gitaa lake la besi, aliposikia viatu vya kike vinapanda ngazi. Hakugeuka. Asubuhi kama ile hupanda wafagiaji, hupanda wapishi, kila mtu na lake. Lakini Sabri, mpiga dramu na mkubwa wa bendi, alikohoa kikohozi cha kujitia, akasema, "Yakhe, mgeni wako huyo." Ndipo alipoinua kichwa akamwona Nadhira.

Miaka miwili wanajuana, na Nadhira hakuwahi kukanyaga pale. Walikuwa wakionana Mkunazini, kwenye duka la dawa alikokuwa akifanya kazi, Haitham akijitia kichwa kinamuuma kila Jumanne. Kwengine kote walionana kwenye simu. Binti wa Mzee Muhiddin wa Kiponda hapandi hoteli zenye baa. Na leo kapanda, mchana kweupe, buibui lake limepakaa chokaa ya ukuta wa ngazi, na nyuma yake kasimama binamu yake Shemsa, mikono kifuani, uso kaukunja.

"Sina muda mwingi," Nadhira alisema. Hata salamu hakutoa.

"Karibu basi! Kaa. Nikuletee soda?"

"Sikuja kunywa soda, Haitham."

Haitham akacheka. Ndivyo alivyo huyu bwana, mtanisamehe, akiogopa hucheka. Akamvutia kiti, akakifuta vumbi kwa mkono, akasema lile lililokuwa likimkereketa tangu Jumapili. "Umeisikiliza lakini? Ile niliyokutumia? Maana hujanijibu mpaka leo. Nikasema huyu bila shaka anairudia."

Nadhira hakukaa. Alimtazama tu, kwa macho yale makubwa yaliyomfanya Haitham anunue dawa za kichwa asizozinywa, na leo hayakuwa na tabasamu hata chembe.

Ngojeni kwanza nikwambieni habari za hawa wawili. Walianzia siku ya mvua. Haitham aliingia duka la dawa na visikilizio masikioni, muziki unavuja mpaka nje, na yule msichana nyuma ya meza, badala ya kumuuliza anataka dawa gani, alimuuliza, "Hiyo ni ganuni, au masikio yangu?" Ilikuwa ganuni kweli, kile kinanda cha nyuzi cha taarabu, imechezwa juu ya besi na saksafoni, kwenye albamu ya vijana wa Mombasa iitwayo *Chumvi na Chuma*. Haitham nusura aanguke. Msichana gani huyo anayeitambua ganuni chini ya saksafoni? Jioni ile akamtumia albamu nzima. Nadhira naye akamrudishia ya kwake, *Dirisha*, ya bibi mmoja wa Msumbiji aliye peke yake na piano. Tangu hapo hawajaacha. Jazi ya zamani, jazi ya sasa, na ile ya kuchanganya mambo ambayo wanamuziki wenyewe huiita fyusheni, kila aliyepata kizuri alimpelekea mwenzake.

Wakajiwekea na sharti. Albamu husikilizwa mwanzo hadi mwisho, kwa mpango wake, haurukwi wimbo, na anayesikiliza hasemi na mtu mpaka imalizike. Ukishamaliza unatuma sauti yako, unasema imekugusa wapi. Wapenzi wengine hupelekeana asumini na halua. Hawa walipelekeana albamu, na wallahi zilifanya kazi kuliko asumini.

"Nimeisikiliza," Nadhira alisema.

"Enhe! Na wimbo wa nne je? Si nilikwambia? Pale vyombo vyote vinaponyamaza, unasema umeme umekatika, halafu besi inaingia taratibu..."

"Haitham, nimeposwa."

Sabri alikuwa anagonga dramu ndogo ndogo kupima sauti. Akaacha. Akatazama huku, akatazama kule, akasema anakwenda chini kutafuta chai, akampita Shemsa pale ngazini bila ya kumsalimu.

"Umeposwa na nani?" Haitham aliuliza.

"Suhaib, mtoto wa Bwana Usi. Wenye duka la vifaa vya magari Darajani. Na posa ishajibiwa. Leo baada ya Laasiri wanaleta mahari. Ijumaa ndoa."

"Nani kajibu?"

"Mie."

"Wewe? Wewe Nadhira umesema unamtaka?"

"Sikusema kitu. Nilinyamaza."

Basi hapo Haitham alifumba macho. Nani Unguja hii asiyejua? Mtoto wa kike ambaye hajapata kuolewa huulizwa na wakubwa zake, na akinyamaza, kunyamaza kwake ndiyo ridhaa. Haulizwi tena. Wakubwa hutoka chumbani wakapeleka habari, na neno likishavuka kizingiti cha nyumba limekuwa ahadi.

"Jumapili, alasiri," Nadhira aliendelea, sauti yake kavu. "Nimo chumbani kwangu, mtandio kichwani, visikilizio vimo ndani ya mtandio, nasikiliza albamu yako. Wakaingia Ami Hamid na shangazi Bi Salhiya. Wakakaa kitandani. Ami akasema maneno yake, akangoja. Mie nikatazama chini. Shangazi akapiga kigelegele."

Haitham aliinuka kwa kishindo, kiti kikaanguka. Uso wote uliwaka furaha. "Basi hukusikia! Nadhira, si ulikuwa umeziba masikio! Ulikuwa unashika sharti letu! Ridhaa gani hiyo ya mtu asiyesikia aliloulizwa? Hiyo si ridhaa! Haya twende, twende kwa Ami wako sasa hivi, na akikataa tutakwenda kwa kadhi. Unamwambia tu, Ami, mie sikusikia, nilikuwa na muziki masikioni. Watakasirika, watatukana, lakini itavunjika. Subhanallah, na mie nishakaribia kufa!"

"Nilisikia."

"Nini?"

"Nilisikia, Haitham. Kila neno." Nadhira sasa ndipo alipokaa, kwenye kiti chengine, mikono kaipakata. "Ulinambia wimbo wa nne vyombo vitanyamaza, nisiondoe visikilizio, nitulie ningoje. Nikatulia. Vikanyamaza. Na hapo ndipo Ami aliposema. 'Nadhira, Suhaib mtoto wa Bwana Usi ameleta watu. Tuwajibu nini?' Nimemsikia kama ninavyokusikia wewe. Halafu muziki ukaingia tena, na mie nikabaki nimeinama."

"Kwa nini hukusema hapana?"

"Kwa ajili ya nani?"

Haitham akainama kukiinua kile kiti kilichoanguka.

"Nakuuliza. Ningesema hapana, Ami angeniuliza, unamngoja nani? Ningemwambia nani? Mtu gani kaleta watu nyumbani? Mtu gani kabisha hodi? Nimwambie Ami kwamba nina mwanamme mmoja ananitumia muziki?"

"Nadhira, haki ya Mungu..."

"Ijumaa iliyopita nilikutumia sauti. Nilikwambia nini?"

"Uliniambia wageni watakuja Jumapili."

"Wageni gani?"

Haitham alitazama chini, kwenye waya uliojizonga miguuni mwake. "Wageni wa posa," akasema.

"Nilikuwa nalia, Haitham. Ulisikia nalia au hukusikia?"

"Nilisikia."

"Ukanijibu nini?"

Alikuwa anakumbuka vizuri alichojibu. Alikirikodi kwa sauti ya upole, kakaa kitandani kwake Kikwajuni, na aliona amefanya jambo la huruma kubwa. *Usijali, mpenzi wangu. Sikiliza hii kwanza, itakutuliza.* Na chini yake akaiweka albamu.

"Nilidhani utawakataa," alisema. "Nilidhani una uwezo wa kuwachelewesha. Mie nilikuwa nangoja albamu yetu itoke, Nadhira. Albamu ya bendi. Ikishatoka, nna jina, nakwenda kwa baba yako mtu mzima. Sasa hivi nikaseme nini? Nakwenda kama mpiga gitaa wa hotelini? Shangazi yako si alishasema dukani, mbele ya watu, pesa za baa haziingii nyumbani kwao?"

"Shangazi si walii wangu, si yeye anayeniozesha. Baba je? Baba ulimuuliza lini?"

"Baba yako na shangazi yako si mamoja?"

"Ulimuuliza lini?"

"Sikumuuliza."

"Haya." Nadhira alikohoa kidogo, kama mtu anayejizuia. "Nilipofeli mtihani wa chuo, ulinitumia albamu. Nilipogombana na Shemsa, albamu. Nimeugua homa, albamu. Mama yangu alipokufa, Haitham, watu walijaa mpaka barazani, walikuja mpaka wasionijua, na wewe hukuja. Ulinitumia ile ya tarumbeta, ukanambia inalia kwa niaba yako."

"Nliogopa watu watasema, huyu ni nani."

"Na mie nilikuwa natazama mlango. Kila aliyepiga hodi nilisema ndiye. Nikaisikiliza tarumbeta yako, na nzuri kwelikweli, lakini mie nilikutaka wewe ukae na wanaume wenzio barazani, ule wali wa matanga, basi. Sikutaka kitu chengine."

Haitham alitaka kumshika mkono. Hakuthubutu, na Shemsa alikuwa anawakodolea macho. Akakaa kwenye sanduku la spika, karibu yake, karibu zaidi kuliko walivyowahi kukaa, akasikia harufu ya sabuni ya dukani mikononi mwa Nadhira. Alitamani siku irudi nyuma. Alimpenda huyu msichana, jamani. Msije mkasema hakumpenda. Alimpenda mpaka alipokuwa jukwaani kila sauti ya besi alikuwa anaipiga akifikiri yeye ataipokea vipi. Ila kulisema ndiko kulikomshinda.

"Bado unanipenda?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ningekuwa sikupendi ningekuja huku, watu wanione napanda baa asubuhi asubuhi?" Machozi yalimlenga Nadhira, akayafuta kwa ncha ya mtandio, kwa hasira. "Sasa nisikilize wewe leo, uone uzuri wake. Ndoa haijafungwa. Ulimi ni wangu. Nikimwambia Baba leo kwamba Suhaib simtaki, posa imekufa, wala hapana wa kunilazimisha, Baba si mtu wa hivyo. Lakini sisemi mpaka useme wewe. Simvunjii baba yangu ahadi kwa ajili ya mtu ambaye hajafungua mdomo."

"Nami siwezi kuposa juu ya posa ya mwenzangu. Hata dini inakataza."

"Najua. Kwa hiyo huposi. Unakwenda kumwambia Baba lililomo moyoni mwako. Neno moja tu. 'Mzee, mie nampenda Nadhira.' Ukishalisema, kukataa ni kazi yangu. Baada ya Adhuhuri Baba huwa yuko peke yake, Ami kenda dukani kwake, shangazi kalala. Mie n'takuwa nyuma ya pazia la ukumbi. Ukilisema natoka hapo hapo, na mtandio wangu, mbele yake, nasema simtaki Suhaib, namtaka huyu. Wanipige, wanitukane, nshaamua."

"Na nisipo..."

"Usipolisema, Laasiri ikiadhiniwa mie nakwenda kuoga. Wakija na mahari napokea. Suhaib si mtu mbaya, Haitham. Hilo ndilo linaloniuma. Si mtu mbaya hata kidogo."

"Muda umekwisha," Shemsa alisema pale ngazini. Nadhira akainuka, akashuka bila ya kugeuka. Shemsa alibaki nyuma kidogo, akamtazama Haitham kutoka juu hadi chini. "Ukija, vaa kanzu," alimwambia. "Na hivyo vidude vya masikioni viwache kwenu."

* * *

Alivaa kanzu. Hilo tumpe haki yake. Alisali Adhuhuri msikitini Kikwajuni, akarudi chumbani, akaipiga pasi kanzu ya Idi, akavaa na kofia. Kutoka hapo mpaka Kiponda alikwenda analisema lile neno kwa sauti ya chini, vichochoroni mwote, Hurumzi watu wanamwona anasema peke yake. *Mzee, mie nampenda Nadhira.* Lilikuwa linatoka vizuri. Alipofika mlangoni lilikuwa limeshakuwa jepesi mdomoni, hata akajishangaa alikuwa akiogopa nini.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

"Karibu! Ingia, mlango uko wazi."

Alimtarajia mzee mkali. Mzee Muhiddin, mwalimu wa jiografia aliyestaafu, alikuwa mtu mwembamba, kavaa msuli kiunoni na fulana nyeupe, miwani kaishusha puani, anamenya chungwa kwa kisu kidogo. Alimtazama Haitham, akatabasamu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo penye upepo. Shemsa! Kahawa!"

"Naam!" Sauti ilitoka uani. Pazia la ukumbi lilikuwa la kijani, limeshuka mpaka karibu na sakafu, na chini yake Haitham aliona miguu miwili imesimama kimya, haina viatu. Haikuwa ya Shemsa, maana Shemsa ndiye aliyetokea upande wa pili na sinia la kahawa na kashata, akaliweka, akaondoka bila ya kusema.

"Jina lako nani?" Mzee aliuliza.

"Haitham, Mzee. Mtoto wa Bi Kidawa wa Kizimkazi. Mwenyewe nakaa Kikwajuni."

"Aa. Ndiye wewe wa gitaa."

"Ndiye mie, Mzee."

"Nakujua kwa kusikia." Mzee Muhiddin aligawa chungwa, akamsogezea nusu. Hakukuwa na ukali wowote katika uso wake, na hilo ndilo lililomvuruga Haitham zaidi. Alijitayarisha kutukanwa. Angetukanwa, pengine angepata hasira, na hasira ingemfungua mdomo. "Haya, mwanangu. Mtu hatoki Kikwajuni na jua hili, na kanzu ya pasi, kuja kula chungwa. Una haja gani na mie?"

Haitham alivuta pumzi. Neno lilikuwa pale pale, kwenye ncha ya ulimi. Miguu chini ya pazia ikajisogeza kidogo.

"Mzee, mie..." Akanywa kahawa, ikamuunguza. "Mie nimekuja juu ya habari ya Nadhira."

Mzee Muhiddin aliweka kisu chini. Akaivua na miwani. "Enhe," alisema kwa upole. "Nakusikiliza."

Ndiyo hapo sasa! Sema! Laiti ningekuwepo ningemfinya. Nyumba nzima ilikuwa imetulia inamngoja yeye, baba mtu anamngoja, mtoto nyuma ya pazia kashika roho mkononi. Na Haitham aliufungua mdomo, akasema:

"Nadhira ana masikio mazuri sana, Mzee. Ya muziki."

Hakuna kilichotikisika nyuma ya pazia. Mzee akairudisha miwani yake machoni, taratibu, na Haitham akaona kama vile kuna kitu kimezimika usoni mwake, lakini mzee mwenye adabu hamwachi mgeni wake kwenye aibu.

"Kweli," alisema. "Kayachukua kwa mama yake. Mie nikipita chumbani kwake nasikia mambo yamechanganyika, mara udi, mara matarumbeta, sijui lipi ni lipi. Hebu nambie, mtu mzima kama mie nikitaka kuisikiliza hiyo jazi yenu, nianzie wapi?"

Na Haitham akafunguka.

Jamani, alifunguka! Maneno yaliyomkwama yote yalipata njia. Alimwambia aanze na *Dirisha*, kwa sababu ni piano tupu na haimchoshi mtu asiyezoea, na bibi yule anacheza kama mtu anayezungumza na nafsi yake huku anapika. Kisha *Chumvi na Chuma*, maana mle kuna ganuni, na mtu wa Unguja akisikia ganuni hapotei, ataishika mkono mpaka imfikishe kwenye saksafoni. Halafu ndiyo aje kwenye *Njia ya Reli*, ya watatu wa Nairobi, ambayo mara ya kwanza hutaipenda, Mzee, nakwambia ukweli, utaona fujo tupu. Lakini isikilize mara ya pili, mfuate yule wa besi peke yake, waache wengine wagombane, utaona kila mmoja anamngoja mwenzake. Alipokuwa anasema haya macho yalimwaka, mikono inacheza hewani. Alikuwa mzuri, nawaambieni. Mtu yeyote angempenda.

"Na akishamaliza hiyo?" Mzee aliuliza.

"Akishamaliza hiyo, Mzee, anarudi nyuma kwenye za zamani, maana sasa masikio yashafunguka."

"Na wewe uliyafungua vipi ya kwako?"

Akaeleza na hilo. Akaeleza habari za redio ya marehemu babu yake kule Kizimkazi, akaeleza alivyonunua gitaa bila ya nyuzi mbili. Mzee alicheka mara moja, kicheko cha kweli. Kahawa ilipoa. Kila palipotokea kituo Haitham alijiambia, sasa, nikimaliza hii nalisema. Na kila alipomaliza hii aliikumbuka nyengine nzuri zaidi. Hakuwa anamdanganya mtu. Aliamini kabisa kwamba alikuwa njiani anafika.

Muadhini wa msikiti wa pale jirani akaanza kuadhini Laasiri.

Haitham alinyamaza katikati ya sentensi. Wote wawili waliisikiliza adhana mpaka mwisho, Mzee midomo inamchezacheza anaitikia. Kisha akainuka, akachukua kanzu yake msumarini, akaivaa juu ya msuli.

"Laasiri hiyo," alisema. "Una jengine, mwanangu?"

Aliuliza kwa kusita, mkono bado uko kwenye kifungo cha kanzu, kama anayetaka kumpa muda. Haitham alitazama pazia. Miguu ilikuwa bado ipo.

"Hapana, Mzee," alisema. "Ni hilo tu."

Miguu ikaondoka. Haikukimbia wala haikugonga chini. Iliondoka kwa mwendo wa kawaida wa mtu anayekwenda uani.

Mzee Muhiddin alimaliza kukifunga kile kifungo. "Posa hii," akasema, "niliishika mkononi muda mrefu. Bwana Usi alileta watu kabla ya Ramadhani, nikawaambia ngojeni. Wakarudi, nikawaambia ngojeni. Mama yake Nadhira, Allah amrehemu, aliniambia kuna kijana wa gitaa, na akija nisimtoe mbio. Dada yangu alisema wapiga gitaa hawaoi. Nikamwambia mwache aje kwanza, tumsikie." Akachukua kofia yake. "Kanzu yako nzuri. Twende tukasali."

"Tangulia, Mzee. Nakuja."

Hakwenda. Alitoka nje, akakaa kwenye baraza ya mlangoni, ile ambayo hakuikalia siku za matanga, akawatazama wanaume wa mtaa wanapita kuelekea msikitini. Wawili walimwamkia, akaitikia. Ndani mlikuwa na harakati, vyombo, maji yanamiminwa, Bi Salhiya kaamka anauliza sahani kubwa iko wapi. Haitham alilisema lile neno mara moja tena, hapo barazani, kwa sauti ya chini. Lilitoka vizuri, halina kikwazo chochote.

Mlango ukafunguka nyuma yake. Alikuwa Shemsa, macho mekundu, na uso wake haukuwa tena na ule ukali wa asubuhi.

"Nadhira anakusalimu," alisema. "Anasema ahsante kwa albamu. Zote. Anasema *Njia ya Reli* hajaisikia, atakwenda kuisikiliza na mumewe."

"Shemsa, mwambie..."

"Nimwambie nini?"

Alimngoja. Msichana wa watu alimngoja kwa kweli, kashika komeo la mlango, kainamisha kichwa ili asikie vizuri. Lakini wazee walikuwa wameshatokea kwenye kona ya kichochoro wanatoka msikitini, kanzu nyeupe na makoti, mbele Bwana Usi mwenyewe na mkoba mweusi kwapani, ubavuni mwake Mzee Muhiddin na Ami Hamid. Shemsa akarudi ndani. Kichochoro chembamba, hapana pa kupishana. Haitham aliinuka kwenye baraza, akasimama ubavuni mwa mlango, na kwa kuwa alikuwa kasimama pale na kanzu na kofia, Bwana Usi akadhani ni kijana wa nyumba, akampa mkono wa kwanza.

"Assalaam alaykum, mwanangu. Tunaruhusiwa?"

Mzee Muhiddin alimtazama, akangoja.

"Waalaykumu salaam," Haitham alisema. Akausukuma mlango ukafunguka wote, akajibana ukutani wapate kupita. "Karibuni. Karibuni ndani, wazee wangu."